Nilivyowazoesha wateja wangu kuja dukani na kikapu

Katazo la mifuko ya plastiki lilianza Jumamosi, tarehe 1 Juni 2019. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alishalitangaza bungeni tangu Aprili, na redio hazikuchoka kukumbusha, lakini huku Mbagala, Dar es Salaam, watu walikuja dukani mikono mitupu vilevile. Rambo, yaani mfuko wa plastiki, walishaihesabu kuwa haki yao. Ukinunua nyanya mbili unapewa, ukinunua kiberiti unadai.

Mimi nilishaweka mifuko mbadala, ile kama kitambaa. Mdogo mia mbili, mkubwa mia tano. Balaa likaanzia hapo.

"Mia mbili ya nini tena, Mangi? Jana si ulinipa bure?"

(Mimi si Mchaga, ila mwenye duka Dar ni Mangi tu, upende usipende.) Mama wa watu ameshapimiwa sukari, mchele na dagaa, vyote viko juu ya kaunta. Nyuma yake kijana wa bodaboda anagonga sarafu kwenye nondo za dirisha: "Mangi, vocha ya buku chap, abiria ananisubiri!" Wapo waliosonya, wakaacha vitu palepale wakavuka barabara kwa jirani yangu aliyekuwa bado anatoa rambo kwa kificho. Faini ya kukutwa na mfuko ilianzia elfu thelathini, ya kuuza ni zaidi ya hapo. Sikuwa na pesa ya kuchezea.

Nikawa naiangalia ile foleni ya jioni. Ugomvi wote ulikuja mwishoni, mteja akishapiga hesabu yake. Mtu katoka nyumbani na elfu tano, kanunua vya elfu tano. Ukimwongezea mia mbili hapo, ni mwizi tu machoni pake. Basi nikawa nauliza mwanzoni kabisa, kabla sijagusa mizani: "Karibu mama, umekuja na mfuko?" Kama hana, namtajia bei mapema achague mwenyewe: anunue, apunguze kitu, au amrudishe mtoto nyumbani akalete ndoo. Bei ilikuwa ileile, na kelele zikapungua sana. Ndoo hasa walizipenda, sijui kwa nini hatukuzitumia siku zote.

Haraka yao ndiyo ilinipa kazi zaidi. Rambo unaifungua kwa kidole chenye mate, unamimina, unafunga fundo, basi. Kaki, yaani mfuko wa karatasi, inataka kukunjwa pembe, na ukiikunja vibaya sukari inavujia chini mbele ya mwenyewe. Nikahamishia kazi hiyo asubuhi kabla duka halijachangamka: robo na nusu za sukari na mchele, zimepimwa, zimepangwa nyuma yangu. Nilifunga za siku hiyo tu, maana kwa joto na unyevu wa Dar sukari ya kwenye kaki ikilala inashikana. Dagaa walinishinda, wanatoboa. Hao ni lazima mteja aje na chombo, na mafuta ya kupima vivyo hivyo, chupa yako mkononi.

Kwa wateja wa kila siku nilitundika vikapu vya ukili vya kuazima. Nilikuwa naviandika kwenye daftari la madeni, chini ya unga na sabuni, kwa sababu deni la daftarini mtu hulikumbuka. Vichache havikurudi. Nilivihesabu kama gharama ya biashara.

Usumbufu haukuisha moja kwa moja. Katazo lilihusu vibebeo, si vifungashio, na wajanja hawakuchelewa: wakaanza kudai vile vifuko vyembamba vyeupe wabebee vitunguu. Hapo nilikataa bila maelezo mengi.

Siku hizi nina namba ya kulipia kwa simu, na zogo ni lilelile: mtandao unasuasua, foleni inanuna, mwingine hataki hata kuisikia. Nami nauliza kabla sijapima: "Unalipa taslimu au kwa simu?" Wa simu anaanza kubonyeza huku mimi napima, na mchele ukifika kaunta meseji yake mara nyingi imeshaingia.