Viwanja vya Kasri la Egerton na Haki ya Nakuru Kupumua

Wageni wengi wanaofika Ngata kulitazama kasri la Lord Egerton hupita moja kwa moja hadi mlangoni, wakazunguka vyumbani, wakapiga picha kwenye ngazi, kisha wakarudi kwenye magari yao bila kuijali ardhi inayolizunguka jengo. Mimi naamini kwamba hazina kubwa zaidi ya mahali pale iko nje, chini ya miti na juu ya nyasi, na kwamba sisi wakazi wa Nakuru bado hatujaidai kwa sauti ya kutosha.

Kasri lenyewe liko kilomita kama 14 kutoka katikati ya jiji, ukielekea upande wa Njoro. Maurice Egerton, Baroni wa nne wa Tatton, alianza kulijenga mwaka 1938, na kwa kuwa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia viliikatiza kazi, halikukamilika hadi mwaka 1954. Lina vyumba 52, ukiwemo ukumbi wa dansi na chumba cha giza cha kusafishia picha, kwa maana mwenyewe alikuwa mpenzi wa kamera kama alivyokuwa mpenzi wa ndege, naye ni miongoni mwa Waingereza wa kwanza kabisa kupata leseni ya urubani, mwaka 1910. Alifariki Januari 1958 akiwa na umri wa miaka 83, bila mke wala mtoto, na cheo chake cha ubaroni kikakoma pamoja naye. Kuhusu mwanamke anayesemekana kumkataa, na jinsi alivyowapiga wanawake marufuku kukanyaga kwake baada ya hapo, kila anayewaongoza wageni ana namna yake ya kusimulia, nami nawaachia wao, kwa sababu hadithi hiyo imekwisha kula nafasi kubwa kuliko inavyostahili.

Jambo ambalo husimuliwa kwa nadra ni kwamba mtu huyu alikuwa na makazi mawili makubwa, na kwamba kifo kimoja kiliyaacha yote mawili bila mrithi wa damu. La kwanza ni Tatton Park, katika jimbo la Cheshire nchini Uingereza, ambako ukoo wake ulikuwa na jumba la fahari katikati ya uwanja wa malisho wa takriban ekari 1,000 wenye makundi ya kulungu. Uwanja ule haukujiotea tu. Mwaka 1791 mbunifu wa mandhari Humphry Repton aliitwa autazame, naye, kama ilivyokuwa desturi yake, akaandaa kitabu chenye michoro iliyomwonyesha mwenye mali jinsi mahali palivyo na jinsi patakavyokuwa miti ikishapandwa na njia zikishapindishwa. Katika karne iliyofuata ikaongezwa nyumba ya vioo ya kukuzia mimea ya jamii ya kangaga, na mwanzoni mwa karne ya 20 baba yake Maurice akatengenezesha bustani ya Kijapani ambayo ingali inatunzwa. Maurice mwenyewe alijengesha ukumbi uliojaa vichwa na pembe za wanyama aliowawinda, wengi wao kutoka Afrika. Wakati wa vita, ujenzi wa Ngata ukiwa umekwama, nyasi za Tatton zilikuwa zikipokea askari waliokuwa wakifundishwa kuruka kwa miavuli.

Alipofariki, Tatton iliingia mikononi mwa National Trust, shirika la kuhifadhi turathi la Uingereza, na hadi leo serikali ya mtaa ndiyo inayoiendesha na kuigharamia. Watu wa miji ya jirani huenda huko kutembea, kuendesha baiskeli na kuwaonyesha watoto kulungu. Kwa maneno mengine, shamba la bwana mmoja limekuwa uwanja wa umma, na hakuna anayeona ajabu kwamba mtu aende pale kwa ajili ya miti peke yake, asiingie kabisa ndani ya jumba.

Huku kwetu urithi wake ulichukua njia nyingine, nayo ina heshima yake. Mwaka 1939 alitoa ekari 740 za ardhi ya Njoro ili kuanzisha shule ya kilimo, ambayo wakati huo ilikuwa ya vijana wa Kizungu pekee. Shule hiyo ikawa chuo cha kilimo mwaka 1950, ikafungua milango kwa watu wa rangi zote baada ya kifo chake, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho ndicho kinacholisimamia kasri. Wengi wa mabwana shamba waliowafundisha wazee wetu kupanda mahindi kwa mistari walipita hapo.

Lakini siwezi kuisifu ardhi ile bila kusema ilikotoka. Kabla ya walowezi, malisho haya ya Bonde la Ufa yalikuwa ya Wamaasai, ambao waliondolewa kwa mkataba wa mwaka 1904, baadhi yao wakapelekwa Laikipia, na kwa mkataba wa mwaka 1911 wakahamishwa tena kuelekea kusini. Anayetembea katika viwanja vya kasri anapaswa kulijua hilo kabla ya kujua idadi ya vyumba. Bustani ya umma ambayo haisemi ardhi yake ilikuwa ya nani inatoa kivuli nusu tu, na ndiyo sababu naona ukimya wa pale kuhusu historia ya kabla ya mwaka 1938 kuwa pengo kubwa kuliko lipu inayobanduka.

Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, nayo inazidi kupanuka, huku nyumba zikiifuata barabara ya Njoro mwaka hadi mwaka. Katikati ya mji tuna Nyayo Gardens, ambayo ni ndogo na hujaa mapema. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, pamoja na uzuri wake wote, ni mahali pa kuzunguka ukiwa ndani ya gari, kwa sababu nyati na simba hawamruhusu mtu kutembeza mtoto kwa miguu. Tunahitaji mahali ambapo mama anaweza kutandika leso, watoto wakakimbia hadi wachoke, na babu akakaa kwenye benchi bila kuulizwa anangoja nani. Viwanja vya Ngata tayari vinafanya sehemu ya kazi hiyo: shule huleta wanafunzi, maharusi huja na wapambe wao, na familia hufika na sufuria za pilau siku za mapumziko.

Ninayoyatamani si makubwa. Kiingilio cha viwanja kitenganishwe na kiingilio cha jengo, na kile cha viwanja kiwe kidogo kiasi ambacho mtoto wa mitaa ya Kaptembwa au Rhonda anakimudu. Miti iandikwe majina, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, na inayozeeka ipandiwe mingine kabla haijaanguka, kwa maana anayepanda mti wa kivuli hupandia wajukuu. Na karibu na lango pawe na ubao unaoeleza habari za Wamaasai walioondolewa, na za mafundi na vibarua waliolijenga kasri lile kwa zaidi ya miaka 15.

Hao wa mwisho ndio wanaonishughulisha zaidi sasa. Kijana aliyebeba mawe mwaka 1938 hayupo tena, lakini aliyekuwa na umri wa miaka 20 kazi ilipokamilika amepita miaka 90, na watoto wa wenzake wangalipo Njoro, Ngata na Rongai wakiwa wazee wenye kumbukumbu. Kama baba au babu yako alifanya kazi pale, awe mchonga mawe, mpishi, mtunza farasi au mkata nyasi, muulize kabla ya likizo ijayo jinsi mshahara ulivyolipwa, walilala wapi, na nani alikuwa msimamizi wao, uyaandike kwa maneno yake mwenyewe, kisha uniletee.