Chumba cha binti juu ya kipaa

Binti yangu mkubwa ameposwa, na kwa Mwamu, mtu wa Lamu, binti akiposwa jambo la kwanza linaloingia kichwani ni nyumba. Kwetu kwa desturi binti haondoki. Mume ndiye anayemfuata. Babu mzaa mama alipomwoza mamangu, nyumba ilikuwa imeshajaa watu, na kando yake hakuna hata hatua moja ya ardhi tupu. Akajenga juu ya njia. Vyumba viwili, vikatoka ukutani kwake vikaenda kuegemea ukuta wa nduguye ng'ambo ya pili, watu na punda wakipita chini. Wikio hiyo ipo hadi leo. Anayepita chini yake adhuhuri anapunguza mwendo kidogo kwa sababu ya ubaridi. Mimi nilizaliwa juu ya hicho kivuli.

Kwa hiyo nilipoanza kufikiria mahali pa kumweka mwanangu, nilitazama juu, kama babu. Nyumba yetu iko mtaa wa Mkomani, ndani kidogo kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kipaa chake, yaani paa bapa la juu, ni kikubwa: tunaanika nguo, tunalala huko siku za joto. Nilipiga hesabu ya chumba kimoja na choo, dirisha kubwa la kuelekea baharini, na tangi la maji juu kabisa. Nilichora kwenye karatasi ya miraba ya daftari la hesabu, maana mimi ni mwalimu na karatasi hizo ndizo ninazo.

Mji wa Kale wa Lamu hauguswi hivi hivi tu. Miaka ya 1970 msanifu Usam Ghaidan alikaa hapa akizipima nyumba zetu na kuzichora, na mwaka 1986 eneo hili likatangazwa rasmi kuwa la kuhifadhiwa. Mwaka 2001 UNESCO ikauingiza mji katika urithi wa dunia. Ni takriban hekta 16 tu, mtu anazimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa, lakini ndani yake huwezi kuongeza chumba, kubadili mlango wala kutoboa dirisha la nje bila michoro yako kukaguliwa. Wengi wetu tunalijua hilo kwa kulalamika. Nami nililalamika. Nyumba ni ya mamangu, imetoka kwa babake, mbona niombe?

Aliyekuja kukagua ni kijana niliyemsomesha darasa la sita. Alipanda ngazi, akakataa chai mpaka amalize kazi, akazunguka kipaa chote na futi yake. Kisha akaniita pale nilipochora dirisha.

"Mwalimu, hebu keti hapa kama umeketi kitandani. Unaona nini?"

Nikaketi. Niliona bahari kwa mbali, kipande. Lakini karibu, chini yangu kabisa, niliona kiwanda cha jirani yangu, yaani ua wa ndani ya nyumba yake. Niliiona birika yake ya kuwekea maji, ndoo ya bluu, mndimu wake, na yeye mwenyewe amekaa kwenye kibao kichwa wazi, anajipaka mafuta ya nazi nywele ambazo sikuwa nimeziona tangu tulipokuwa wasichana. Hakujua kama nipo. Nikainuka mbio kama niliyefumaniwa.

"Basi hapo ndipo mkwe wako angeamkia kila siku," akasema.

Siku hiyo nilielewa kitu ambacho karatasi za ofisi hazikuwahi kunieleza. Masharti haya hayakuletwa na wageni. Mamangu angeyajua yote bila kusoma. Mlango hautazamani na mlango wa pili. Ukiingia nyumba ya mawe unapita daka, kibaraza cha mlangoni, kisha tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, kisha unapinda, ili mpita njia asichungulie ndani. Ukuta wa njiani hauna madirisha makubwa. Mwanga unaingia kwa kiwanda kilicho katikati. Na hujengi kumzidi jirani mpaka ukamwona akiwa faraghani. Babu hakuomba kibali cha serikali alipojenga wikio, lakini alikwenda kwa majirani wote wa pande mbili, akakaa nao, na nasikia mmoja alimkatalia dirisha. "Lile tundu lililozibwa lipo, mmelifanya zidaka za kuwekea vitabu," nilimwambia mwanangu.

Kibali nilichopata kilikuwa cha chumba kidogo kuliko nilivyotaka. Kirudi nyuma ya kipaa kisionekane kutoka njiani, upande wa jirani uwe ukuta mtupu, dirisha lielekee kiwanda chetu wenyewe, paa liwe la makuti, na tangi lile jeusi lifichwe nyuma ya kikuta. Dirisha la bahari likafa. Mwanangu alinuna siku mbili. Nilikubali, na ninasema wazi kwamba ni haki.

Sharti lililobaki ndilo lililonitesa: chokaa, si simiti.

Hapa lazima nikiri jambo. Miaka kama kumi na mbili iliyopita ukuta wa daka ulianza kubanduka, nami nikamwita kijana mmoja akaupiga plasta ya simiti kwa siku moja. Ulipendeza, laini kama sahani. Baada ya masika ya pili likatokea tumbo pale chini, kisha ufa, kisha bamba zima likaanguka usiku kwa kishindo tukadhani ni mwizi. Fundi mzee aliyekuja kuutazama safari hii aliingiza kidole pale lilipoanguka bamba, akakitoa kimejaa unga mweupe wenye unyevu. Akaniambia nionje. Chumvi tupu.

"Mawe haya yametoka baharini, Mwalimu. Hunywa maji kutoka chini na kuyatoa nje kwa ukuta. Chokaa humwachia jiwe apumue. Simiti imemziba pua."

Maji yakikosa pa kutokea hupanda. Aliniongoza mpaka msana wa kwanza, ukumbi mrefu wa ndani, akagonga boriti moja moja kwa kipini cha nyundo. Ya kwanza ililia kavu. Ya pili vilevile. Ya nne ilitoa sauti ya kitu kilicholowa, na alipochomeka msumari pale boriti inapoingia ukutani, ulizama wote bila kupigwa. Nilijiona nimekaa chini ya boriti ile miaka yote nikisahihisha madaftari.

Kwa hiyo ninaamini katika sharti la chokaa kama ninavyoamini kidole changu chenye chumvi. Lakini kuambiwa "tumia chokaa" na kuipata chokaa ni safari mbili. Simiti iko dukani, mfuko unabebwa na punda mmoja, kazi inaisha leo. Chokaa ya kweli inatoka kwenye matumbawe yaliyochomwa kwa kuni nyingi, ikazimwa kwa maji, ikalazwa miezi ndipo ifae. Plasta yake hupigwa tabaka juu ya tabaka, na kila moja lisubiri lililotangulia. Mafundi wanaoijua kazi hiyo, niliowasikia wakitajwa, nawahesabu kwa mkono mmoja, na wawili kati yao hawapandi ngazi tena.

Boriti nazo. Upana wa vyumba vyetu, mita mbili na nusu na ushei, umepimwa na mkoko: ndio urefu ambao boriti inaweza kubeba dari ya mawe na chokaa bila kupinda. Bila mkoko hakuna nyumba ya Lamu. Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti nchini, wakataji wetu wa mikoko nao walikaa bure, na aliyekuwa na dari inayovuja aliweka beseni. Sisemi misitu ikatwe ovyo. Nasema mkono mmoja wa serikali ulituambia tutumie boriti tu, na mkono mwingine ukafunga boriti.

Mimi nilihitaji korija mbili, boriti arobaini, na nilizipata kwa kuuza bangili za harusi yangu. Najua wasio na bangili. Najua nyumba nne mtaani kwetu ambazo wenyewe walishindwa kuzitengeneza kwa masharti, wakaogopa kuzitengeneza kinyume cha masharti, wakaziacha hadi dari ikashuka, kisha wakauza kwa watu wa mbali wenye uwezo wa kulipa chokaa yote wanayotaka. Nyumba hizo leo zimehifadhika vizuri sana. Zimefungwa miezi mingi ya mwaka. Hakuna binti anayeozwa humo.

Wanaotunga masharti ningependa waje na mambo matatu ya kushikika. Kuwe na shimo la chokaa la mji, lenye chokaa iliyokwisha kulala, mwenye kibali auziwe kwa bei ya kuchomea tu. Kuwe na fungu la mikoko lililotengwa kwa matengenezo ya Mji wa Kale, likatwe kwa utaratibu kila mwaka. Na hao wazee wawili wasiopanda ngazi walipwe wakae kitini, waelekeze vijana. Haya si mambo makubwa kuliko kuchapisha miongozo.

Chumba kimesimama sasa. Makuti yalimalizika wiki iliyopita, na tabaka la pili la chokaa halijakauka. Ukiweka kiganja unahisi ubaridi wa maji ndani. Harusi ni Mfungo Saba inshallah, baada ya Maulidi.

Juzi jirani aliniita kutoka kiwandani kwake, akauliza kama anaweza kupanda. Ana magoti, alichukua muda. Aliingia chumbani bila neno, akatoka, akaenda kusimama pale pale nilipoketi siku ile, akachungulia. Kikuta kilikuwa kinamfika kifuani. Alikiona kilele cha mndimu wake na ukingo wa birika.

"Ongeza jiwe moja, dada," akasema.

Fundi aliliongeza jioni ile ile.