Sauti Ndani ya Matatu: Kutoka Kisumu Hadi Nakuru

Dereva alipozungusha ufunguo pale steji ya Kisumu, sauti ya mwanamke ilitoka karibu na usukani, laini na yenye adabu: "Kaado ga soonyuu sarete imasen." Hakuna abiria aliyeinua kichwa. Karibu kila mtu aliyepanda magari yanayoingia Kenya kutoka Japani yakiwa yametumika ameisikia sauti hiyo, na tumeizoea kama tulivyozoea honi. Lakini mimi, niliyekuwa nimekaa mbele, dirishani, begi likiwa mapajani, mwili ulinisisimka. Sentensi nzima ilikuwa imeingia masikioni ikiwa na maana yake, bila kutafuta neno hata moja.

"Huyu mama hunisalimia kila asubuhi," dereva akasema. Alikuwa mtu wa makamo, kofia ya sufu kichwani ingawa Kisumu ilishaanza kuwaka jua. "Mwaka wa nne sasa. Mimi humjibu tu, salama mama."

"Hakusalimii, mzee. Anasema kadi haijaingizwa."

Akazima gari. Akaliwasha tena. Sauti ikarudia yale yale, naye akanitazama kana kwamba nimemfungulia droo ambayo haikuwahi kuwa na ufunguo. Nikamweleza: kule Japani barabara kuu zina malipo, na gari huwa na kijisanduku ambamo dereva huingiza kadi ili apite langoni bila kusimama. Gari likaletwa kwetu, kadi ikabaki na mwenyewe, lakini kijisanduku hakijui kwamba kimevuka bahari. Kinaendelea kuiulizia.

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake nina mtihani Nairobi. Mtihani wa Kijapani wa Desemba hufanyika Jumapili ya kwanza ya mwezi, na una ngazi 5: N5 ndiyo ya chini kabisa, N1 ndiyo ya juu. Mimi nilikuwa naenda kufanya N4 kwa mara ya pili. Mwaka uliotangulia nilipata 86 kati ya 180, na anayefaulu N4 ni anayefikisha 90. Pointi nne. Nilizibeba mwaka mzima.

Mama aliyeketi katikati, baina yangu na dereva, alikuwa na kikapu cha omena waliokauka, kimefungwa kwa leso. Akaniuliza kwa upole, "Nyathina, mwanangu, ulikaa Japani?"

"Sijawahi kufika, mama. Nasoma chuo kikuu, mwaka wa pili."

"Na umri huo?" Hakuwa na ubaya. Nina miaka 27.

"Nilisoma kilimo kwanza. Nikamaliza, nikapata shahada. Halafu nikarudi."

"Ukarudi mwaka wa kwanza? Tena?"

Swali hilo nimeulizwa na baba, na shangazi zangu wawili, na ofisi moja ya udahili iliyonirudisha nyumbani mara tatu kwa sababu fomu yao haikuwa na nafasi ya mtu ambaye tayari ana shahada. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, wa shahada ya kwanza bado naulipa. Karo ya hii ya pili najilipia mwenyewe kwa kuuza mbegu na mbolea kwenye agroveti kila likizo. Kwa hiyo wanaouliza wana haki ya kuuliza. Nikamwambia mama, ngoja tufike Ahero, nitakuonyesha.

Tulipita Nyamasaria, tukapita Rabuor, mashamba yakaanza kutanda pande zote mbili. Bonde la Kano ni bapa kama sinia. Skimu ya Ahero ya kumwagilia mpunga ilianzishwa mwaka 1969, na maji yake hupigwa pampu kutoka Mto Nyando. Siku hiyo vipande vingine vilikuwa vimeshavunwa, vingine mpunga ulikuwa bado umesimama, umeinamisha vichwa, na yangeyange walikuwa wakitembea tuta kwa tuta kama wakaguzi.

Hapo ndipo nilipofanya mafunzo ya nyanjani nikiwa mwanafunzi wa kilimo. Siku moja alikuja mtaalamu wa mpunga kutoka Japani, mzee mwembamba aliyevua viatu na kuingia topeni kabla hajaambiwa karibu. Tulizungumza kwa Kiingereza, cha kwake kigumu na changu cha darasani. Akauliza, huu mmea mnauitaje kwa lugha yenu? Nikasema mpunga. Na ukishakobolewa? Mchele. Na ukishapikwa, uko sahanini? Wali. Mzee yule akacheka kwa furaha hadi akajishika magoti. Akasema: ine, kome, gohan. Ine ni mpunga, kome ni mchele, gohan ni wali. Kiingereza tulichokuwa tukisumbukiana nacho kwa kawaida huyaita yote matatu rice, na sisi wawili, mtu wa Japani na msichana wa Kisumu, tulikuwa tumesimama kwenye maji ya Nyando kila mmoja na maneno yake matatu yanayolingana.

Kisha akachukua kijiti akaandika 米 kwenye tope la tuta. Hii ni kome, akasema. Akaichambua: juu nane, katikati kumi, chini nane. 八十八. Themanini na nane. Wazee wao husema mchele hupitia kazi 88 kabla haujafika mezani. Nilitazama zile mistari sita zikijaa maji taratibu mpaka zikafutika. Usiku ule sikulala vizuri.

Nilimsimulia mama hayo yote huku Ahero ikibaki nyuma. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kazi 88 ni chache. Huyo hajapalilia Kano." Dereva akakubali kwa kichwa.

Wengine huniambia ningetosheka na kozi ya jioni. Nilianza nayo, ndiyo iliyonifikisha N5. Lakini kozi ya miezi michache hukufundisha kuagiza chai na kuuliza njia. Mimi nataka kusoma maandishi yao ya mpunga kama walivyoyaandika, na kuyaleta Kiswahili moja kwa moja, yasipitie mlango wa Kiingereza ambako mpunga, mchele na wali huingia watatu na kutoka mmoja. Hilo linataka miaka. Linataka sarufi, historia, na kanji, herufi zao kama ile 米, ambazo orodha rasmi ya zile za matumizi ya kawaida peke yake ina 2,136. Tena kuna jambo ambalo nilichelewa kulijua na nalisema hapa kwa ajili ya mwingine: serikali ya Japani ina ufadhili wa mwaka mmoja kwa wanafunzi wa lugha na utamaduni wa Kijapani, na sharti lake ni uwe umesajiliwa, unasoma shahada hiyo katika chuo cha nje ya Japani, na umri haujafika 30. Shahada niliyokwisha kuimaliza ya kilimo haikunifungulia mlango huo. Upo mwingine wa utafiti kwa wenye shahada, wenye umri chini ya miaka 35, na huo ndio nitakaoujaribu nikikosa wa kwanza.

Na kwa nini iwe ajabu? Chuo Kikuu cha Osaka kina wanafunzi wa Kijapani wanaosomea Kiswahili kama somo lao kuu la shahada. Wanajifunza ngeli zetu. Sioni sababu ya sisi kuogopa kuwarudishia hodi.

Ngeli ndizo zilizoniokoa, nikisema kweli. Wenzangu darasani wametoka kidato cha nne juzi, wana akili kali na kumbukumbu ambayo mimi sina tena. Lakini tulipofika kwenye kuhesabu, darasa zima lililia. Kwa Kijapani huwezi kusema "tatu" ukaishia hapo. Penseli tatu ni sanbon, kwa kuwa ni kitu kirefu. Karatasi tatu ni sanmai, kwa kuwa ni bapa. Samaki watatu ni sanbiki. Watu watatu ni sannin. Mwalimu alipomaliza kuandika ubaoni nilinyoosha mkono nikasema, sensei, hii si ngeli? Mtu mmoja, kiti kimoja, jiwe moja, ukuta mmoja. Hesabu hubadilika ili imfuate anayehesabiwa. Si kitu kile kile hasa, maana kwetu ngeli huenda mpaka kwenye kitenzi, lakini mlango ni huo. Tangu siku hiyo tuko watano tunaojisomea pamoja, na daftari zetu zina safu mbili tu, Kijapani na Kiswahili.

Hata ile sauti ya matatu. Tulipokuwa tukipanda kuelekea Kapsoit niliiandika nyuma ya tikiti. Sarete imasen: ndani yake mna kutendwa, mna hali iliyopo, mna kukanusha kwa heshima, vyote vimeunganishwa kama mabehewa. Halafu haijaingizwa: ha ya kukanusha, i ya kadi, ja ya jambo lililokuwa litendeke, w ya kutendwa. Sisi hukanusha mwanzoni, wao hukanusha mwishoni, kwa hiyo kumsikiliza Mjapani ni kungoja mpaka mwisho ujue kama ni ndiyo au hapana. Na kaado ni kadi, maneno mawili yaliyotoka kwa mgeni mmoja na yote yakapewa irabu ya mwisho ili yaweze kukaa nyumbani. Basi kwao ni basu. Hoteli ni hoteru. Tiketi ni chiketto.

Kericho ilitupokea kwa mvua, ile nyembamba yenye ukungu. Chai ilikuwa kijani mpaka macho yanauma, na vioo vyote vikapata jasho. Nikaandika kwa kidole kwenye dirisha langu: 茶. Mistari tisa. "Hii ni cha," nikamwambia mama. "Chai. Wao na sisi tulilipata neno kutoka upande wa China." Akasogea, akaitazama kwa makini jinsi mtu anavyotazama mshono.

"Hapa juu ni majani," akasema.

Sikuwa nimemwambia. Kile kipande cha juu ni alama ya majani kweli.

"Na hapa ni paa, na hii chini ni mti."

Karibu hivyo hivyo. Nikamwambia wenzetu kule huhesabu siku 88 tangu siku ya kwanza ya majira ya kuchipua kwa kalenda yao ya zamani, ikifika mwanzoni mwa Mei, wakaingia kuchuma chai mpya. Akasema hiyo namba inawapenda.

Mvua ikazidi. "Na mvua?" akauliza.

"Ame. Sauti inaanza juu, inashuka. Ukiianza chini ukapanda, umesema peremende."

Akarudia: áme. Sawasawa kabisa, mara ya kwanza. Hicho ndicho kipengele kilichoninyima pointi zangu mwaka jana, kusikiliza. Nikamwomba anisemee peremende. Akapandisha, bila kukosea. Ndipo nikatambua kitu ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kunionyesha: Dholuo ni lugha ya toni. Tangu tukiwa migongoni mwa mama zetu masikio yetu yanajua kwamba neno likishuka ni jambo moja na likipanda ni jingine. Mimi nilikuwa nimejifunza Kijapani mwaka mzima kwa masikio ya Kiingereza, nikihesabu sauti kwa vidole, na masikio yangu ya nyumbani nimeyaacha Kisumu. Kuanzia pale mpaka Londiani mama alinitahini. Mimi namtajia, yeye anarudia, mimi nafuata sauti yake. Hashi, kijiti cha kulia chakula. Hashi, daraja. Alikuwa na hamu kuliko mimi. Alipochoka akafungua leso akanipa omena kiganjani, nikamwambia kule pia hukausha visamaki vidogo, huviita niboshi, na huvichemsha kupata mchuzi wa msingi. Akataka kujua kama huvitoa vichwa. Wengi huvitoa, nikasema, visilete uchungu. Akaridhika.

Mau Summit tulisimama kidogo, wauza karoti wakajaa madirishani. Salgaa ni malori tu, mstari mrefu. Nikasinzia.

Nakuru tuliingia kama saa tisa alasiri, Menengai ikiwa imejifunika wingu. Jua lilikuwa limerudi. Tukashuka kunyoosha miguu. Nikanywa chai ya rangi kwenye kibanda, nikafungua daftari, nikalifunga. Yaliyoingia yalikuwa yameshaingia. Abiria wawili walikuwa wamefika kwao, na kijana mmoja wa begi la mgongoni akapanda, akakaa nyuma yetu akielekea Nairobi.

Dereva akazungusha ufunguo. "Kaado ga soonyuu sarete imasen."

"Huyo anasema nini kila saa?" kijana akauliza, bila kumwuliza mtu hasa.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama akaniwahi, leso mkononi, hajageuka nyuma.

"Kadi haijaingizwa," akasema.

Dereva akaingiza gia, tukatoka.