Sabasaba ya Kwanza Bila Zamu

Tangu nilipoajiriwa kuwa mkunga mpaka nilipostaafu nikiwa na miaka 60, Sabasaba ilikuwa ikinikuta leba. Kama si zamu ya asubuhi, ni ya usiku; na nikipangiwa mapumziko, kuna mwenzangu anauguza na mimi ndiye ninayekaa karibu. Mtoto akitaka kuzaliwa haulizi kalenda. Nimepokea watoto wa sikukuu wakaitwa Iddi na Mwanaidi, wengine Noeli, wengine Pasaka, nami sikukuu hizo naziona dirishani. Kwenda Sabasaba yenyewe kama watu wengine, pochi mkononi na bila kuangalia saa, ndicho nilichokuwa sijakipata. Mwaka huu nimekwenda.

Saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye pantoni, natoka Kigamboni kwenda Magogoni. Kusi lilikuwa linavuma, kibaridi cha Julai kile ambacho watu wa Dar wanakivalia masweta. Nikasogea mbele kabisa, karibu na mnyororo, niangalie. Kilikuwa kipindi cha bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, mwezi umeandama karibuni. Siku za bamvua bahari yetu hujaa alfajiri, halafu inaanza kushuka, na kutoka kujaa mpaka kupwa inaweza kushuka zaidi ya mita 3. Maji yote yaliyoingia bandarini hayana pa kutokea ila pale kwenye mlango mwembamba kati ya Kigamboni na Magogoni. Basi nikaona jambo ambalo miaka yote ya kuvuka nikisinzia sikuwahi kulitazama: nahodha haelekezi pantoni Magogoni. Anaielekeza ndani, upande wa bandari, kama mtu anayekwenda kwenye makontena. Mkondo nao unaisukuma nje, bahari kuu. Kati ya nguvu hizo mbili pantoni inakwenda ubavuubavu, pua imetazama kushoto, mpaka inajikuta gatini sawasawa. Maji yakisimama, nahodha anaweza kwenda moja kwa moja; yakikaza, anazidi kuipinda. Hakuna mstari wowote uliochorwa majini. Yote yako machoni na mikononi mwake.

Kijana wa kamba alikuwa amesimama karibu yangu na jaketi lake la kuokolea. Nikamuuliza, "Baba, leo si sikukuu?"

"Shikamoo mama. Leo ndiyo siku ya kazi," akanijibu, akarusha kamba.

Alikuwa sahihi. Watu wote wale wenye watoto waliopakwa mafuta usoni na kuvalishwa nguo mpya wamevuka kwa sababu yeye hakupumzika.

Pale Feri nikapita sokoni kidogo, si kununua, kutazama tu. Dagaa walikuwa tele. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, wakimwaga mwanga juu ya maji ili samaki wakusanyike. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, kwa hiyo siku za mbalamwezi wanakaa nchi kavu, wanashona nyavu na kulala na wake zao. Likizo yao inakuja kila mwezi bila kuomba ruhusa kwa bosi. Siku ile lakini lilikuwa giza la mwezi mchanga, na mama mmoja aliyekuwa anamimina dagaa kwenye beseni aliniambia Sabasaba yake ataila mwezi ukikomaa. Nilimwelewa haraka kuliko nilivyowahi kumwelewa afisa utumishi yeyote.

Nikapanda daladala la Mbagala. Barabara ya Kilwa kwangu ina kumbukumbu nyingi za likizo, kwa sababu ndiyo inayokwenda kwetu Masasi. Mtumishi wa serikali hupata nauli ya likizo mara moja kila baada ya miaka miwili, yeye na mwenza wake na watoto, ya kwenda nyumbani na kurudi. Watu wanadhani likizo ile ilikuwa ya kupumzika. Tulikuwa tunakwenda kulima, kuzika tuliochelewa kuwazika, kusuluhisha kesi za shamba. Na kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, kulikuwa na mto Rufiji. Tulivuka Ndundu kwa pantoni, na masika yakiwa yamekolea mabasi yanapanga foleni ng'ambo zote mbili, watu wanapika kando ya barabara, siku za likizo zinaliwa pale pale kwenye tope. Daraja lile lina mita 970. Basi linalipita kabla abiria hajamaliza kumenya chungwa. Kila nikilipita nawaombea dua waliolijenga, maana nakumbuka wajawazito waliokuwa wakikwama ukingoni wakisubiri kuvuka kwenda hospitali, na najua wako ambao hawakufika.

Bendera Tatu, Bandari, Uhasibu, Mgulani. Kondakta alikuwa kijana mdogo, deiwaka, amepokea gari la mwenzake aliyekwenda na familia yake maonesho. Nikashuka Sabasaba na umati.

Wengi wa vijana wale getini sidhani kama wanawaza kwamba tarehe 7 Julai ni siku ya TANU, chama kilichozaliwa mwaka 1954 hapa hapa Dar. Kwao Sabasaba ni maonesho, bembea na bei ya sufuria. Siwalaumu. Chama kile kiliungana na ASP ya Zanzibar mwaka 1977 ikapatikana CCM, na sikukuu imebaki na biashara. Ila ningependa mzazi amwambie mtoto, japo wakiwa kwenye foleni ya tiketi.

Nilizunguka. Banda la Magereza lina viti na makabati ambayo fundi wa mtaani akiyaona ananyamaza. Banda la Maliasili lilikuwa na foleni ya kuona simba, nikaiacha. Nikaingia kwenye mabanda ya vyombo, na huko ndiko siku yangu ilikokaa.

Binti mmoja alikuwa anauza sufuria, anazigonganisha ili wateja wasikie uzito wake. Amevaa fulana pana ya kampuni, lakini kwa mkunga fulana haifichi kitu. Miezi saba. Viatu amevisukuma chini ya meza, na soksi zimechora mstari mzito juu ya kifundo.

"Shikamoo mama, karibu sufuria."

"Marahaba mwanangu. Umesimama tangu saa ngapi?"

"Tangu saa moja na nusu."

"Kichwa kinauma?"

Akanitazama. "Kinauma tangu jana. Nadhani ni haya maspika."

Nikamwomba akae juu ya boksi. Nikabonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko, nikahesabu taratibu, nikatoa kidole. Shimo likabaki. Miguu kuvimba peke yake si ugonjwa. Wajawazito wengi huvimba wakisimama sana. Lakini miguu ikivimba na kichwa kikauma, mtu apimwe presha siku hiyo hiyo, sikukuu au si sikukuu, kwa sababu kifafa cha mimba huanza kimya hivyo. Nimewaona walioletwa tayari wanatupa mikono. Sitaki kumwona mwingine.

Msimamizi wake akauliza, "Sasa mama, nani atauza?" Nikamwambia nitauza mimi. Binti akapelekwa na mwenzake kwenye huduma ya kwanza, mimi nikashika sufuria. Niliuza seti kwa mama wa Tandika aliyekuwa anamwozesha binti yake, na nyingine kwa kijana aliyeanza kupanga chumba.

Aliporudi, presha ilikuwa imepita kidogo 140 kwa 90, mpaka ambao mjamzito hatakiwi kuufikia, imepimwa mara mbili. Wamemwandikia aende hospitali akapimwe na mkojo, waone kama una protini. Wifi yake alikuwa njiani anakuja kumchukua. Msimamizi, kwa haki nimtaje, alimpa nauli na kumwambia asirudi mpaka apone. Nikauliza malipo ya siku. Ni yale yale ya siku yoyote, na akiondoka saa sita ni nusu.

Hapo sikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayefanya kazi sikukuu alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya. Inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Niliijua kwa sababu chama chetu cha wafanyakazi kilitufundisha, na tulipofanya kazi Krismasi tulijua cha kudai. Binti yule hajawahi kuisikia. Nilimwandikia nyuma ya karatasi ya huduma ya kwanza: jina la sheria na mwaka. Msimamizi akaisoma pia. Hakubisha, alisema ataongea na mwenye mali. Namba yangu anayo binti, na nimeahidi kumfuata mwenye mali mwenyewe ikibidi.

Jioni nilirudi kwa daraja la Kigamboni, maana foleni ya pantoni ilikuwa imefika barabarani. Njiani nikampigia mwenzangu tuliyefanya naye kazi, bado yuko kazini, na siku ile alikuwa zamu. Yeye naye hajawahi kuiona sikukuu ya wakulima. Tumekubaliana abadilishane zamu mapema, tukate tiketi za treni ya umeme, Nane Nane tuwe Morogoro.