Jina lisilo na tiki

Mwaka wa nane huu nashika daftari la mahudhurio la klabu yetu ya huduma kwa jamii. Aliyekuja anapata tiki, mwenye udhuru anaandikiwa herufi U, na asiyeonekana wiki tatu mfululizo nampigia simu. Wengine huona ni kazi ya kikarani tu. Kwangu simu hiyo ndiyo moyo wa klabu, kwa sababu vyama hivi vilizaliwa na upweke.

Wakili Paul Harris alikuwa mgeni Chicago, ana wateja lakini hana marafiki. Tarehe 23 Februari 1905 alikutana na watu watatu: mhandisi wa migodi, muuza makaa ya mawe na fundi wa nguo. Walikubaliana kukutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, siku nyingine kwa yule, na huko kuzunguka ndiko kulikozaa jina Rotary. Mwanzoni walisaidiana wao kwa wao, kirafiki na kibiashara.

Kilichowageuza ni choo. Mwaka 1907 walishika bango kwamba katikati ya jiji kujengwe vyoo vya umma. Harris alisimulia baadaye jinsi walivyopingwa: watengeneza bia walisema wanaume wana vyoo vya baa, wenye maduka makubwa wakasema wanawake wana vya madukani. Mtu asiye na hela ya kununua chochote aende wapi? Hilo swali nalipenda mno. Vyoo vilijengwa, na tangu hapo klabu ikawa na kazi nje ya mlango wake.

Vyama vingine vya aina hii vikafuata, Kiwanis kule Detroit mwaka 1915, kisha Lions mwaka 1917. Mwaka 1925 Helen Keller, mwandishi Mmarekani asiyeona wala kusikia, aliwaomba Lions wawapiganie wasioona, na hadi leo macho ni kazi yao. Rotary nao walianza mwaka 1985 kampeni ya kumaliza polio duniani. Nimewahi kushika kidevu cha mtoto anayelia huku muuguzi akidondosha matone mawili ya chanjo. Alinyamaza ghafla, akalamba midomo.

Lakini sisi wanawake tulifungiwa nje miaka mingi. Klabu ya Rotary ya Duarte, California, ilipokuwa imebaki na wanachama wachache, iliingiza wanawake watatu mwaka 1977. Mwaka uliofuata ikafukuzwa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 4 Mei 1987 majaji waliamua kwamba wanawake hawawezi kuzuiwa kwa misingi ya jinsia. Lions na Kiwanis walifungua milango mwaka huohuo. Daftari hili ninaloshika, miaka michache tu kabla ya hapo nisingeruhusiwa hata kuandikwa ndani yake.

Wiki hii kuna jina moja halina tiki kwa mara ya tatu. Nimempigia asubuhi, hakupokea. Jioni nikitoka kazini nitapita kwake.