Vita vya Mezani Nilivyopigana Peke Yangu
Jana usiku nilipigana peke yangu, kwa askari wa sanamu juu ya meza ya kulia chakula, mchezo wa vita kati ya Waldmark na Sorenza, nchi mbili nilizozibuni mwenyewe na kuzipatia bendera na sare za karne ya 18. Kwa kuwa mchezaji mmoja huzijua siri za pande zote mbili, niliandika mipango mitatu kwa kila jenerali, kisha nikaiachia dadu ichague, kifaa ambacho maofisa wa Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, walikitumia katika mchezo wao wa vita tangu 1824. Jenerali wa Waldmark, ninayempenda zaidi, aliangukiwa na mpango wa kulishambulia daraja uso kwa uso. Askari wake, wenye kimo cha milimita 28, walirudishwa nyuma mara tatu, nami nilihuzunika kwa dhati nilipowaondoa mezani mmoja mmoja. Daraja limebaki mikononi mwa Sorenza.