Vitufe vinne juu ya jokofu

Juu ya jokofu letu hapa Köln, Ujerumani, kuna redio ya intaneti isiyozidi ukubwa wa mkate wa boflo. Ina spika moja, kioo kidogo kinachoonyesha saa na jina la kituo, kitufe kimoja kikubwa cha kuzungusha, na vitufe vinne vya namba vya kuhifadhia vituo. Boksi lake lilijisifu kwamba redio hii itafungua maelfu ya vituo vya duniani kote, na ni kweli inavifungua. Lakini baada ya kuishi nayo miaka mitatu ninakiri kwamba nyumba yetu inasikiliza vituo vinne tu, vile vya kwenye namba. Vingine vyote tuliagana navyo wiki ya kwanza, baada ya kwisha ushamba wa kusikiliza muziki wa visiwa vya mbali saa sita za usiku.

Nilipoileta nyumbani mke wangu aliniuliza swali la haki: tuna simu mbili na kompyuta, zote zinafungua redio, sasa hili boksi la nini? Nilimjibu habari za ubora wa sauti, jibu ambalo hata mimi mwenyewe sikuliamini sana. Jibu lenyewe lilikuja polepole. Simu ni ya mtu. Ukisikilizia redio kwenye simu, matangazo yanakatika kila unapopigiwa, yanaondoka nawe ukienda dukani, na hakuna mwingine nyumbani anayeweza kuyawasha bila kukuomba simu yako. Redio iliyo juu ya jokofu haimfuati mtu. Anayetangulia kuamka ndiye anayeiwasha, na anayefuata anaingia jikoni akaikuta inasema.

Kwa wasioijua, redio ya namna hii haingoji mawimbi ya mnara wa kituo. Inaingia kwenye waifai ya nyumbani kama simu inavyoingia, inaiuliza seva ya huduma fulani yenye orodha ya vituo kwamba kituo hiki kinapatikana wapi, inapewa anwani, kisha inavuta sauti kwa njia ya intaneti vipande vipande. Kabla ya kuanza kusema hujiwekea akiba ya sekunde kadhaa, ili mtandao ukikwama kidogo msikilizaji asitambue. Kero karibu zote za kuimiliki zimetokana na mambo hayo mawili, orodha na akiba.

Siku ya kwanza, hata hivyo, kero ilikuwa nywila. Nywila ya ruta yetu ina tarakimu ishirini na redio haina kibodi: unazungusha kitufe hadi kwenye tarakimu unayoitaka, unabonyeza, unazungusha tena. Nilikuwa nimefika ya kumi na saba mwanangu aliponigonga mkono, kidole kikateleza, kioo kikarudi mwanzo. Ndipo nilipofungua kitabu cha maelekezo, ambacho nilipaswa kuanza nacho, nikakuta kwamba ruta na redio zote mbili zina kitufe cha WPS. Unabonyeza cha huku na cha kule, na vyenyewe vinaelewana ndani ya dakika mbili. Halafu kulikuwa na suala la mahali pa kuiweka. Redio yetu inatumia waifai ya gigahezi 2.4 peke yake, masafa ambayo maikrowevu nayo huyachafua, na sisi tulikuwa tumeziweka bega kwa bega. Kila tulipopasha wali, mtangazaji alimezwa katikati ya neno. Hivyo ndivyo ilivyopanda juu ya jokofu.

Baba yangu, kule Tanga, hakuwa na shida ya nywila. Redio yake ya masafa mafupi ilivishwa gamba la ngozi lenye matundu, na betri zilipoanza kuchoka zilianikwa juani pembeni ya makopa ili zipate nguvu za siku mbili tatu zaidi. Jioni aliivuta antena, akaigeuza kuelekea dirishani, akaanza kuitafuta Deutsche Welle kwa ncha za vidole, katikati ya miluzi na mivumo, kwenye mita bendi alizozijua kwa kichwa. Idhaa ya Kiswahili ya DW ilianza kurusha matangazo mwaka 1963, na hadi mwaka 2003, redio hiyo ilipohamia Bonn, makao yake yalikuwa katika mji huu huu ninaokaa. Jina la Köln, kwa hiyo, lilinifikia kwa redio ya baba miaka mingi kabla sijajua kwamba iko siku nitapanga foleni ya mkate ndani yake.

Sasa mambo yamegeuka kwa namna inayonichekesha. Kitufe chetu namba tatu ni kituo cha FM cha nyumbani ambacho hujiunga na DW kwa ajili ya taarifa za Kiswahili. Sauti inatoka Bonn, kama kilomita 30 kutoka jikoni kwetu, inakwenda Afrika Mashariki kurushwa hewani na kituo mshirika, kisha mkondo wa intaneti wa kituo hicho unairudisha Ujerumani hadi juu ya jokofu. Ningeweza kuichukua moja kwa moja kutoka DW na kuiepusha na safari hiyo yote. Lakini mke wangu hataki, kwa sababu matangazo ya Bonn yakimalizika anarudi mtangazaji wa nyumbani na habari za mvua, bei ya mahindi na barabara iliyofungwa, na hayo ndiyo hasa aliyokuwa akiyangoja.

Namba moja ni TBC Taifa, na kazi yake kubwa ni taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Wakati wa baridi tumeachana na nyumbani kwa saa mbili, wakati wa joto kwa saa moja. Kwa hiyo mwezi wa Januari mtangazaji anatamka saa mbili kamili usiku ilhali kioo cha redio kinaonyesha 18:00, mwanangu anaisoma kwa Kijerumani kuwa ni saa sita, na mama yake anamsahihisha kwamba ni saa kumi na mbili jioni. Mwaka wa kwanza mtoto aliamini kwamba redio imeharibika. Sasa ndiye anayewaeleza wageni.

Mwaka juzi mama alikuja kukaa nasi miezi mitatu ya baridi. Simu janja hakuipenda, na runinga ya hapa haikumwambia kitu. Siku ya pili nilimwonyesha kitufe namba mbili, nikamwambia, "Mama, hiki ukibonyeza unakwenda nyumbani." Alikibonyeza, akasikia watu wakitumiana salamu, majina na vijiji vikipangwa mmoja baada ya mwingine, akavuta kiti. Kuanzia siku ile sikuwa na mamlaka na jikoni asubuhi.

Kwa mama ndipo nilipoielewa ile akiba. Alikuwa na desturi ya kumpigia dada yangu huko Tanga wakati kipindi kinaendelea, kila mmoja akiwa na redio yake kwenye kituo kile kile, dada kwa FM na mama kwa intaneti. Dada anacheka simuni. Mama anauliza, "Unacheka nini wewe?" Dada anajibu, "Mama, hujamsikia huyo?" Inapita nusu dakika nzima, mtangazaji wetu anafika kwenye utani ule ule, mama naye anaangua kicheko, na wakati huo dada ameshahamia jambo jingine. Nilijaribu kumweleza mama kwamba sauti inawekwa akiba kwanza. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema kwamba kwa vile Ulaya ni mbali, lazima sauti ichelewe njiani. Sikumbishia.

Kuhusu orodha, sina utani. Asubuhi moja namba mbili ilinyamaza na kioo kikaandika kwamba kituo hakipatikani. Kituo kilikuwa kizima. Simu yangu ilikifungua bila shida. Kilikuwa kimebadilisha anwani ya mkondo wake, na huduma ya orodha inayotumiwa na redio yetu haikuwa na habari. Niliwaandikia, nikangoja siku tisa. Mama alikuwa amesharudi, namshukuru Mungu, maana sijui ningemwambia nini. Ndipo nilipotambua kwamba nilichokilipia dukani ni spika, kioo na vitufe, lakini kinachozifanya ziwe redio kiko kwenye seva ya watu wengine. Na wapo yaliyowafika makubwa zaidi: mwaka 2021 huduma ya Reciva, iliyokuwa ikizihudumia redio za chapa mbalimbali, ilifungwa, na redio zilizokuwa zikiitegemea zikabaki bila orodha ingawa spika zake zilikuwa nzima kabisa. Redio ya baba iliwahi kufa mara mbili, na mara zote mbili fundi wa sokoni aliifufua kwa risasi na waya.

Kwa sababu hiyo, anayeniuliza namwambia atafute redio yenye FM na DAB+, yaani redio ya kidijitali inayorushwa kwa minara, pamoja na intaneti, ili siku orodha ikigoma asibaki na pambo. Yetu inavyo vyote vitatu, na siku zile tisa tulisikiliza vituo vya Köln kwa FM, ingawa nyumba ilikuwa kama imehamiwa na wageni.

Dada alipoisikia sifa ya kitufe namba mbili aliniomba nimtumie redio kama hiyo. Nilikaa chini nikapiga hesabu. Mkondo wa kilobiti 128 kwa sekunde unakula takribani megabaiti 58 kwa saa. Kwa saa nne kwa siku, mwezi unakwisha na karibu gigabaiti saba. Hapa hatuyahesabu hayo, tunalipia intaneti kwa mwezi, tuitumie tusiitumie. Yeye angewasha redio kwa bando la simu, na umeme ukikatika angebaki kimya, wakati kituo anachokitaka kinapita bure hewani juu ya paa lake. Nilimwambia wazi kwamba chombo hiki ni cha mtu aliye mbali na mnara. Alinuna kidogo, akidhani namnyima, mpaka nilipomtumia fedha akanunua redio ya FM ya betri pale sokoni. Jumapili mama anapotupigia akiwa kwa dada, tunaziwasha zote mbili, na dada bado anacheka kabla yetu.